Sauti Iliyofichwa na Vyerehani

Nyumba ya Fundi haijui kimya. Chumba cha mbele ni cha kazi, cha nyuma ni cha kulala, na kati yavyo kuna pazia. Asubuhi, Fundi akimaliza chai tu, cherehani chake kinaanza. Mkewe, Mama Kasuku, anamjibu kwa cherehani cha pili. Kwenye kona kuna ovaloki, ile mashine ya kuziba kingo za kitambaa zisifumuke. Hiyo ikiwashwa, hata ukimwita mtu jina lake sikioni hakusikii. Juu ya yote hayo kuna redio. Dirishani anakaa mama mzazi wa Fundi na sindano yake ya mkono. Mtaa mzima unamwita Bibi Pindo, kwa sababu hakuna anayekunja pindo kama yeye, na mwenyewe hachoki kulisema.

Watoto ni wawili. Mkubwa ni binti wa miaka sita. Anaitwa Kasuku, maana akifungua mdomo asubuhi haufungi mpaka usingizi umfungie. Mdogo ni wa kiume, ana miezi miwili na ushei, na wamemwita Kibonge kwa sababu shingo yake haijulikani iliko. Kibonge analala ndani ya kikapu kikubwa, chini ya meza ya kukatia nguo. Amezaliwa akazikuta kelele za mashine. Zikiwaka, analala. Zikizimwa, anaamka.

Wiki ile muhula wa shule ulikuwa umeanza. Wazazi, kama ilivyo kawaida yetu wazazi, walikumbuka sare za shule siku mtoto alipokwenda shule. Vitambaa vya bluu vilijaa mpaka kitandani. Mashine hazikupumzika.

Kasuku alirudi kutoka shuleni na mafua. Alipiga chafya, akafuta pua kwa mkono, akapiga magoti chini ya meza na kumbusu mdogo wake puani. Hakuna aliyemkataza. Mafua ni mafua tu. Nani hajawahi kuugua mafua?

Siku chache baadaye pua ya Kibonge ikaanza kutoka kamasi. Bibi Pindo akaweka kando sare za watu.

"Baridi hiyo," alisema. "Mjukuu wangu hawezi kulala chini ya meza na fulana moja kama mlinzi aliyesahauliwa getini."

Akamshonea koti. Niseme ukweli, lilikuwa koti zuri. Kitambaa kizito nje, pamba ya kujazia katikati, kofia imeungwa humo humo. Vifungo vidogo vidogo alivipanga mgongoni, mtoto asije akavivuta na kuvila. Kibonge alivalishwa fulana, juu yake sweta, juu ya sweta koti. Zikabaki kuonekana pua na nyusi. Kila mteja aliyeingia aliinama, akamtoa kwenye kikapu, akamsifu na kumbusu.

Mafua yakashuka yakawa kikohozi. Fundi akavuta mtoto wa meza anamoweka vifungo na nyuzi. Akatoa chupa ya dawa ya maji iliyobaki nusu.

"Hiyo si ile ya sikio la Kasuku?" aliuliza mkewe.

"Antibiotiki ni antibiotiki. Kwani inajua imo kwa mtoto gani?"

Wakampa nusu kijiko asubuhi, nusu kijiko jioni. Kibonge akawa ananyonya kidogo, anaachia, ananyonya kidogo, anaachia. Halafu siku moja, tangu asubuhi, akawa kimya. Hakulia. Hakuomba ziwa.

"Afadhali," alisema Mama Kasuku, akisukuma kitambaa chini ya sindano. "Amelala vizuri leo. Dawa imefanya kazi."

Sote tunalipenda neno hilo, afadhali. Limewapoteza watoto wengi.

Alasiri akaja nesi wa hospitali kujaribu gauni lake jipya la kazi. Alivaa, akasimama juu ya kigoda, na Bibi Pindo akapiga magoti miguuni pake na pini mdomoni, akipima pindo. Ovaloki ilikuwa inanguruma. Vyerehani viwili vilikuwa vinakimbizana. Redio ilikuwa inatangaza mpira.

"Bibi, usinifupishie sana," nesi alipaza sauti. "Wagonjwa watapona kabla ya siku zao."

Bibi Pindo alicheka mpaka pini moja ikamponyoka.

Hapo umeme ukakatika.

Ovaloki ikanyamaza. Vyerehani vikanyamaza. Redio ikakatwa katikati ya neno.

"Hawa watu wa umeme," Bibi Pindo alianza, "Mungu ndiye atakayewalipa, maana mimi..."

"Bibi, ngoja," alisema nesi. "Nyamaza kidogo."

Kulikuwa na sauti mle ndani. Sauti fupi, kama ya mtu anayeinua mzigo mzito. Ikaja, ikaisha, ikaja tena. Fundi aliweka kiganja juu ya gurudumu la cherehani chake. Alidhani bado linazunguka. Lilikuwa limesimama.

"Mtoto yuko wapi?" aliuliza nesi.

Wote waliangalia chini ya meza.

Nesi alishuka kwenye kigoda na gauni lake lenye pini, akaingia chini ya meza, akatoka na Kibonge. Mtoto hakufungua macho. Kila alipotoa pumzi, aliguna. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Nesi akamgeuza, akakuta vifungo vya mgongoni. Akajaribu kufungua kimoja, vidole vikateleza. Vilikuwa vidogo mno, na Bibi Pindo huwa hashoni kifungo kikalegea.

"Mkasi," alisema.

Ndani ya nyumba ile kuna mkasi wa kitambaa ambao hata karatasi haujawahi kuionja. Bibi Pindo alimnyooshea. Nesi akakata koti, akakata sweta, akapandisha fulana. Pamba nyeupe ikamwagika mezani.

Kifua kikaonekana. Mtoto alipovuta hewa, sehemu ya chini ya mbavu ilibonyea ndani, ikatoka, ikabonyea tena, haraka haraka. Tundu za pua zilikuwa zinatanuka. Mama Kasuku alijishika mdomo. Fundi alirudi nyuma mpaka akagonga ukuta.

"Anapumua hivi tangu lini?" aliuliza nesi.

Waliangaliana. Hilo ndilo lililowavunja. Si kwamba hawakutaka kusema. Hakuna aliyejua.

"Tulikuwa hapa hapa," alisema Fundi. "Sista, sote tulikuwa hapa hapa."

"Amenyonya saa ngapi?"

"Asubuhi, kidogo," alisema Mama Kasuku. "Halafu akalala. Alilala vizuri."

"Hajalala, mama. Amechoka. Amechoka kupumua. Mnajua mtu mwenye gari?"

Muuza mbao wa jirani alishusha mbao kutoka kwenye gari lake, akaziacha barabarani bila kuuliza zitalindwa na nani. Mama Kasuku alimbeba Kibonge akiwa wima kifuani, amefunikwa shuka jepesi tu, na nesi alikaa karibu yao akiangalia kifua kile. Bibi Pindo alibaki mlangoni. Mkono mmoja bado ulikuwa umeshika nusu ya koti.

Hospitalini walimbana kidole gumba cha mguu kwa kifaa kidogo kama kibanio cha nguo. Ndani yake kulikuwa na taa nyekundu. Haikumchoma, haikumtoa damu. Kwenye kioo kikatokea namba.

"Hicho kinapima oksijeni kwenye damu," nesi alisema. "Inatakiwa iwe tisini na tano au zaidi."

Namba ilisema themanini na tatu.

Mama Kasuku hakusoma sana, lakini namba anazijua. Maisha yake yote ni futi kamba. Aliangalia themanini na tatu ile, akamwangalia mwanawe, kisha akakaa sakafuni.

Daktari alikuja. Wakamwekea mtoto vimirija viwili vya plastiki mlangoni mwa pua, hewa ya oksijeni ikaanza kupita. Wakamvuta kamasi taratibu. Namba ikapanda, ikasita, ikapanda. Ilipofika tisini na mbili, Fundi aligundua kwamba na yeye alikuwa amebana pumzi.

Kisha nesi akachukua kijiti chembamba chenye pamba, akakipitisha puani mwa mtoto, akakipeleka kwenye kipimo. Hawakusubiri sana.

"Ni kirusi kinachoitwa RSV," alisema.

"Ugonjwa gani huo?" aliuliza Fundi. "Nani amemletea?"

"Kwa mtu mzima ni mafua. Kwa Kasuku ni mafua. Huyu hapa njia zake za hewa, zile za mwisho kabisa ndani ya mapafu, ni nyembamba kama uzi. Zikivimba kidogo na kujaa kamasi, hewa haina pa kupita."

"Mafua?" alisema Mama Kasuku. "Mwanangu amefika hapa kwa mafua?"

Alirudia neno hilo mara nyingi siku ile. Kila akilirudia, lilikuwa kama analisikia kwa mara ya kwanza.

Fundi alisimama. "Basi mpigeni sindano. Mpeni antibiotiki ya nguvu. Mimi nimempa ya maji nyumbani na haikufanya kitu, nadhani ilikuwa imepoa."

Nesi alimwangalia. "Ulimpa dawa gani?"

Fundi akaeleza. Chupa. Sikio la Kasuku. Mtoto wa meza. Kila sentensi ilitoka ndogo kuliko iliyotangulia.

"Baba Kasuku, nikuulize wewe uliye fundi," alisema nesi. "Mteja akileta nguo yenye doa la mafuta, unalitoa kwa wembe wa kufumulia?"

"Nitaitoboa nguo."

"Na doa?"

"Litabaki pale pale."

"Antibiotiki inaua bakteria. Hiki ni kirusi, haikigusi. Inaweza kumharisha tu, na kuwazoesha bakteria wengine, kesho akiihitaji kweli isimsaidie. Tena dawa ya maji ikishachanganywa haikai. Ile uliyompa ilikwisha kuharibika."

"Sasa mtampa nini?"

"Hicho unachokiona. Oksijeni. Na maziwa ya mama yake. Hawezi kunyonya na kupumua kwa pamoja, basi mama atakamua, tutampitishia kwa mrija mwembamba mpaka tumboni. Mwili wake ndio utakaopigana. Sisi tunamshikia nguvu asianguke."

Fundi aliona kama anadhulumiwa. Alikuja kutafuta dawa, anaambiwa hewa na maziwa. Nesi akaiona sura yake.

"Sikiliza. Zamani hata sisi tulikuwa tunabahatisha. Mtoto akija hivi, alipewa kila kilichokuwa kabatini. Siku hizi kuna kipimo kama hiki cha pua, kuna kibanio hiki cha kidole, tunajua tunapigana na nani. Daktari akiona dalili za bakteria pia, antibiotiki itatolewa, na itatolewa kwa vipimo vyake. Sasa hivi mtoto wako hana haja nayo."

Siku iliyofuata namba ilishuka tena. Daktari aliongeza oksijeni na kuwaambia kwamba ugonjwa huu mara nyingi huzidi kabla ya kupungua. Mama Kasuku alikaa pembeni ya kitanda akikamua maziwa, macho yake yameganda kwenye taa ile nyekundu. Hakuna mtu aliyesema afadhali.

Mchana Bibi Pindo alikuja na Kasuku, pamoja na dada yake Fundi, ambaye alikuwa mjamzito, tumbo limeshuka. Kasuku hakuruhusiwa kuingia kwa sababu bado alikuwa na mafua. Alisimama nje ya dirisha la wodi. Alikuwa amekwisha kusikia habari za kirusi nyumbani, watu wazima wakidhani watoto hawana masikio. Tangu hapo alikuwa hajasema neno. Kasuku, hajasema neno. Baba yake alipotoka nje, ndipo alipouliza:

"Baba, ni mimi nimemuua?"

Fundi aliinama. Alimnyanyua akamkumbatia. Nesi aliyekuwa nyuma yake ndiye aliyejibu.

"Hajafa. Anapumua, mwangalie pale. Wewe ulijua kama kuna kirusi puani mwako?"

Kasuku akatikisa kichwa.

"Basi huna kosa. Hata bibi yako hakujua. Sasa umejua. Ukiwa na mafua unakohoa hapa, kwenye kiwiko. Unanawa mikono kwa sabuni. Mtoto mchanga humbusu mpaka upone. Utaweza?"

"Na wateja je?" aliuliza Kasuku. "Wateja wanambusu kila siku."

"Hao nakukabidhi wewe."

Ndani ya wodi, Bibi Pindo alikuwa amesimama mguuni mwa kitanda. Alikuwa anakiangalia kifua cha mjukuu wake, kitupu, kinabonyea na kutoka.

"Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema. "Na mimi niliyaficha kwa mikono yangu mwenyewe, nikatia na vifungo."

"Bibi, ulitaka apate joto," alisema nesi.

"Nilitaka watu walisifu koti." Bibi Pindo alifuta macho. "Nifundishe. Mimi ni mzee, lakini nikifundishwa nashika."

Nesi akamfundisha. Mtoto mgonjwa mfungue nguo, umtazame akipumua. Kifua kikibonyea, akihema mbio, akiguna, akishindwa kunyonya, midomo ikibadilika rangi, au akilegea na kuwa mgumu kuamka, hapo hakuna kusubiri kesho. Mtoto mchanga kama huyu akipata homa, homa peke yake inatosha kumleta. Bibi Pindo alirudia kila neno. Alipokosea, alianza upya, kama anayefumua mshono uliokwenda upande.

Wifi yake Mama Kasuku alikuwa ameshika tumbo lake muda wote.

"Sista, na huyu wangu?" aliuliza. "Atazaliwa akute wote tunakohoa. Nitafanyaje?"

"Siku hizi kuna chanjo ya kirusi hiki kwa mama mjamzito, mimba ikiwa imekua. Mama anachanjwa, kinga inapita kwa mtoto tumboni, anazaliwa nayo. Kuna na sindano ya kinga anayochomwa mtoto mwenyewe akishazaliwa. Hazijafika kila mahali. Kesho nenda kliniki yako ukaulize, usingoje wakuambie wao."

"Kumbe ipo?" alisema Mama Kasuku. Alikuwa hajageuka kutoka kwenye ile taa. "Kumbe kulikuwa na kitu cha kumkinga, na mimi nilikuwa nashona tu?"

Aliendelea kukamua maziwa.

Kisha namba ikaanza kupanda, na safari hii haikushuka tena. Oksijeni ikapunguzwa, kisha ikaondolewa. Asubuhi moja Kibonge alifungua macho, akatafuta ziwa, na alipochelewa kupewa, alilia kwa sauti iliyoamsha wodi nzima. Mama Kasuku alilia naye. Alisema hajawahi kusikia kelele tamu kama ile.

Ukienda leo kwa Fundi utakuta ndoo ya maji yenye bomba na sabuni mlangoni. Utamkuta Kasuku pia, kama ametoka shule. Hupiti.

"Nawa kwanza," anasema. "Una mafua? Kama una mafua, zungumzia dirishani. Kumbusu hapana. Hata ukiwa mchungaji, hata ukiwa shehe."

Chupa za dawa zilizobaki hazipo tena kwenye mtoto wa meza. Vimebaki vifungo. Pasi ya mkaa, ambayo zamani iliwashwa ndani kila umeme ulipokatika, sasa inawashwa uani, ili moshi usimfikie mtoto. Wifi alikwenda kliniki, akauliza, akachanjwa. Na kila baada ya muda Fundi hunyoosha mkono na kuzima mashine zote. Wanasikiliza kidogo. Kisha wanaendelea.

Bibi Pindo hakulitupa koti lile. Aliling'oa pamba yote, akalipunguza, akatia mikanda miwili ya kufunga kwa mbele. Ukivuta mkanda mmoja tu, kifua chote kiko wazi. Akina mama wa mtaani wameliona, na sasa ana kazi ya kuwashonea wao.

Nesi alirudi kumalizia gauni lake. Pini zilikuwa bado ziko kwenye pindo.

"Umefanya kazi na pini zangu muda wote huu?" aliuliza Bibi Pindo.

"Zilinichoma, bibi. Kila nikitaka kukaa, zinanikumbusha nisimame."

Alipanda kigoda. Ovaloki ikawashwa. Fundi na mkewe wakainamia vyerehani, redio ikaanza kutangaza mpira.

Umeme ukakatika.

Hakuna aliyesogea. Fundi alibaki na mguu juu ya kikanyagio. Mama Kasuku alikuwa amekwisha kufumba macho. Bibi Pindo akatambaa kwa magoti mpaka chini ya meza, akavuta mkanda mmoja, akaweka kiganja juu ya kifua cha mjukuu wake. Kilipanda taratibu, kikashuka taratibu. Hakikubonyea. Mtoto hakuguna. Alifungua macho, kama afanyavyo mashine zikizimwa. Akakaa pale sakafuni, pini mdomoni, na watu wote chumbani walimngoja azungumze.

Aliziondoa pini moja moja.

"Hawa watu wa umeme," alisema, "leo waache wakate tu."